Pa kuhifadhi msimbo na tasnifu: ninavyozipanga

Tovuti hizi zote za kuhifadhi msimbo wa programu na tasnifu ni bure kwa mtafiti wa kawaida, kwa hiyo bei si hoja. Hoja ni mwenye nyumba ni nani, na siku akiamua kufunga, mizigo yako itakuwa wapi. Kati ya tovuti za msimbo, Gitorious ilifungwa 2015, Google Code ikafuata 2016. GitHub bado ipo na inafanya kazi vizuri, ila tangu 2018 ni mali ya Microsoft.

Ya kwanza ni Zenodo. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, inaiendesha tangu 2013, na programu inayoiendesha ni huria. Kila ingizo linabeba hadi GB 50 na linapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kunukuu kazi. Ninachokipenda zaidi: unaweza kutengewa DOI kabla ya kuchapisha, ukaiandika ndani ya tasnifu ndipo uipakie. Ukishachapisha utaona DOI mbili, moja ya toleo hilo na nyingine ya matoleo yote. Anayerudia hesabu zako anukuu ile ya toleo. Kwenye CV weka ile ya yote. Lakini faili likishachapishwa halifutiki kirahisi, kwa hiyo kagua kama nenosiri la hifadhidata halijabaki humo. (Msiniulize nimejuaje.)

Ya pili ni Software Heritage, iliyoanzishwa na Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, UNESCO ikiwa mshirika. Kwa msimbo peke yake ningeipa nafasi ya kwanza. Unabandika anwani ya mradi ulio wazi, unabonyeza, basi: seva zao zinaufuata wenyewe na kuchukua historia nzima ya mabadiliko, bando lako haliguswi. Zenodo ikiunganishwa na GitHub huchukua zipu ya toleo tu.

Codeberg, ya chama kisicho cha faida cha Berlin, naiweka ya tatu kwa sababu ni karakana zaidi kuliko ghala. Fanyia kazi humo, hifadhi kwingine. Ni ya miradi huria. Msimbo wa mteja usiupeleke.

OSF (Open Science Framework), jukwaa la miradi ya utafiti, inawafaa wenye madodoso na timu kubwa: GB 5 kwa mradi wa faragha, 50 kwa ulio wazi.

Figshare inakuja mwisho. DOI utapata, lakini ni ya kampuni. Academia.edu sikuipanga kabisa, hiyo “.edu” isikudanganye, nayo ni kampuni.