TAHADHARI: Trimu za kona za "aluminiamu" zinazouzwa kwa bando, za katikati ni plastiki

Ndugu zangu mnaomalizia nyumba, iwe Goba, Kigamboni, Mbweni au Chanika, kuweni macho. Kuna muuzaji anapita kwenye makundi ya WhatsApp ya ujenzi hapa Dar akiuza trimu za kona za marumaru, yaani vile vipande virefu vinavyofunika ukingo marumaru zinapokutana konani, rangi ya fedha na ya dhahabu, anasema ni aluminiamu ya kina cha milimita 10. Bei yake iko chini kidogo tu ya maduka ya Gerezani, ndiyo maana watu hawashtuki. Anataka hela yote kwa simu kwanza, kisha bodaboda analeta bando limezungushiwa selotepu mwanzo hadi mwisho. Trimu za juu ni aluminiamu kweli. Za katikati ni plastiki iliyovishwa ngozi ya rangi.

Mimi ni fundi marumaru, na kinachoniuma ni nani anayebeba lawama. Kona ikiachia, mwenye nyumba anampigia muuzaji, anajibiwa: "Fundi wako hajui kukata." Nawajua mafundi waliokatwa ujira wao kwa neno hilo.

Kwa hiyo jueni kona ya nje inavyokatwa. Kwenye ukingo wa dirisha au baraza trimu mbili zinakutana, kila moja inakatwa nyuzi 45 ili zifanye 90. Kuta zetu nyingi hazina 90 kamili, basi fundi anapima kona kwanza na kugawa kwa mbili: ikiwa 88, kila upande unakatwa 44. Tunatumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, ndani ya kisanduku cha kuuongoza, tukianzia uso unaoonekana ili ukali wa mkato ubaki nyuma. Bawa lenye matundu, lile linaloingia kwenye gundi, linapunguzwa kidogo mabawa mawili yasipandane. Trimu inaachwa imezidi kidogo sana, inamaliziwa kwa tupa taratibu, na inajaribishwa pakavu kabla gundi haijapakwa. Aluminiamu inavumilia yote hayo. Ile ya plastiki, tupa ikigusa tu, ngozi inabanduka na weupe unatokeza pale pale kwenye ncha, mahali jicho linapoenda kwanza. Ukifanikiwa kuifunga, jua likipiga baraza plastiki inatanuka zaidi ya mara mbili ya aluminiamu, usiku inanywea, na mwisho kona inaachia. Silikoni itaficha kwa muda tu.

Wapo wanaoshauri kupima kwa sumaku. Sumaku itakukamatia bati lililopakwa rangi, basi. Aluminiamu haivutwi, na plastiki nayo haivutwi, kwa hiyo mtu huyu hana wasiwasi wowote na sumaku yako. Kipimo cha kweli ni ncha. Fungua bando lote, chomoa trimu ya katikati, kwangua ncha yake kwa tupa au kisu. Aluminiamu ni rangi ya fedha mpaka ndani, hata ile iliyotiwa rangi ya dhahabu. Akikataa usikwangue, ondoka.

Beba na futi. Anatangaza mita 2.5 lakini nyingine zinafika fupi, na kwenye dirisha kubwa upungufu huo unakulazimisha kuunga katikati ya mstari, jambo baya kuliko kona yenyewe. Pima pia kina: ukiletewa milimita 12 na unene wa marumaru yako ni 10, trimu itasimama juu ya marumaru na hakuna ukataji utakaoiokoa.

Hela isitoke kabla bando halijafunguliwa mbele yako, na dai risiti ya EFD; huyu hatoi. Kama umeshanunua, usizifunge. Tunza bando, selotepu yake, ujumbe mliotumiana na ule wa muamala, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao kazi yao ni pamoja na bidhaa bandia.

Na kama zimeshafungwa na kona zimeanza kuachia, tafadhali, chukueni kipande kilichobaki mkwangue ncha yake kabla hamjagusa hela ya fundi.