Matembezi ya maua Kitulo: mwongozaji aling'oa okidi mbele yetu

Nianze na jambo lenyewe, maana hasira yote imetokea hapo. Mwongozaji tuliyemlipa atuonyeshe maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, aliinama kwenye nyasi, akaishika okidi iliyochanua, akaivuta mpaka ikatoka na viazi vyake, kisha akaiinua juu ili watu wapige picha. "Hiki ndicho chikanda chenyewe," akatangaza, yaani chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Nilipomuuliza kwa nini ameing'oa, akajibu: "Bosi, mbona unakuza mambo? Kaua kamoja tu, na hapa yapo maelfu." Akausukumia ule mmea shimoni kwa ncha ya buti, akaendelea mbele.

Ilikuwa katikati ya mvua, wakati uwanda wote umechanua. Kampuni siitaji jina. Viingilio, umbali na ukubwa wa hifadhi mtavitafuta wenyewe, vipo kila mahali. Mimi nataka kuzungumzia hako "kaua kamoja".

Okidi nyingi za Kitulo ni za ardhini, hazining'inii kwenye miti. Ukiiona okidi ya jamii ya Disa au Satyrium imesimama kwenye nyasi, jua kwamba chini yake kwa kawaida kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, laini na kimesinyaa, kwa sababu ndicho kilicholisha majani na ua la msimu huu. Cha pili ni kigumu na kinaendelea kujaa, na ndicho mmea wa mwakani. Kazi ya kukijaza inafanyika wakati uleule ua likiwa wazi. Kwa hiyo anayeng'oa okidi iliyochanua anaondoa mambo matatu kwa mkupuo mmoja: mbegu za mwaka huu ambazo hazijakomaa, kiazi cha mwakani ambacho hakijajaa, na mmea wenyewe uliochukua miaka kufika hapo.

Tena miaka kweli. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake. Haikui mpaka ikutane udongoni na kuvu anayeifaa, ambaye ndiye huilisha mwanzoni. Kutoka hapo hadi ua la kwanza hupita misimu kadhaa. Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu na karibu zote hupotea bure. Ndiyo maana hoja ya kwamba "yapo maelfu" haisimami: maelfu hayo yamejijenga taratibu sana, na yakipungua hayarudi msimu unaofuata.

Na kuurudisha mmea shimoni kwa buti si kuupanda. Viazi vyenyewe hukatika shingoni, pale vinapoungana na shina. Mizizi myembamba inayoshirikiana na kuvu huchanika. Shimo linabaki na hewa, maji ya mvua yanajaa na kiazi kinaoza. Kama mtu ameshafanya kosa hilo, kitu pekee cha kujaribu ni kurudisha kiazi kwenye kina kilekile, jicho likitazama juu, kushindilia udongo kwa vidole pande zote mpaka pasibaki uwazi, kisha kurudishia bonge la nyasi juu yake. Hata hivyo mmea huo si wa kutumainia sana. Yeye hata hilo hakufanya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alilijua neno chikanda. Aliyelijua neno hilo anaijua na habari yake. Viazi vya okidi hupondwa, vikachanganywa na karanga na pilipili, vikapikwa mpaka vigande, na soko lake kubwa liko Zambia. Okidi za huko zilipopungua, wachimbaji na wanunuzi waligeukia Nyanda zetu za Juu Kusini, na viazi vilivyovuka mpaka vilihesabiwa kwa mamilioni kwa mwaka. Uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu za Kitulo kulindwa, mpaka ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Okidi zote duniani ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na ndani ya hifadhi ya taifa hung'oi mmea wowote, hata jani. Sasa mtu anayelipwa kuongoza wapenda maua anarudia kwa mkono wake kitendo kilekile ambacho eneo hili lilifungwa ili kikome, tena kwa ajili ya picha!

Kuonyesha viazi si lazima uharibu. Mchoro mmoja uliofungwa kwenye plastiki, unaoonyesha kiazi cha zamani na kipya, unatosha kabisa, na mtu anauelewa kuliko kuona mzizi uliojaa tope. Kazi ya mwongozaji pale uwandani ni kuonyesha kilicho juu ya ardhi, na juu ya ardhi kuna mengi mno.

Hapo ndipo udhaifu wake wa pili ulipojitokeza: kila alichokiona kizuri alikiita okidi, na kila chekundu kirefu alikiita shubiri. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Kuziita zote kwa jina moja si kuongoza. Tofauti za jumla si ngumu. Satyrium itazame kwa nyuma: mdomo wa ua uko juu, umekunjwa kama kofia, na kwa kawaida mikia miwili ya mbochi inateremka sambamba. Disa ina mkia mmoja, nao unatokea kwenye ile sepali (jani la nje la ua) ya juu iliyojikunja. Habenaria mara nyingi ni ya kijani au nyeupe, na mkia wake unatokea kwenye mdomo na kuning'inia chini ya ua, wakati mwingine mrefu kuliko ua lenyewe. Hayo matatu ukiyashika, tayari umeshazigawa sehemu kubwa ya okidi utakazokutana nazo. Yeye hakumgeuzia mtu ua hata moja alione kwa nyuma.

Na ile aliyoiita shubiri ilikuwa Kniphofia. Shika jani tu. Shubiri ina jani nene lenye utomvu na meno pembeni. Kniphofia ina jani refu jembamba kama la nyasi, lililokunjika katikati, halina nyama. Maua yake huanza kufunguka chini ya kichwa kwenda juu, ndiyo maana rangi ya chini inatofautiana na ya juu. Ndege chozi wanaotua pale wanafuata maua yaliyokwisha kufunguka. Maelezo hayo hayamalizi dakika mbili.

Nisiwaonee lakini. Saa ya kuanza waliipatia: tuliingia mapema, ukungu ukiwa umeshaanza kuinuka, tukatoka kabla mvua ya mchana haijatukamata katikati ya uwanda. Hilo ni muhimu Kitulo, kwa sababu mawingu yakishuka huoni hatua ishirini mbele, na maua mengi yanajifunga au yanalala kwa uzito wa maji. Gari lilikuwa la magurudumu manne kweli, na dereva aliipanda Hamsini na Saba, ile barabara ya mlimani inayoitwa kwa idadi ya kona zake, kutoka Chimala kwa utulivu, kona kwa kona, bila kupapatika kwenye utelezi. Mwendo wa miguu ulikuwa wa polepole kama inavyotakiwa. Matembezi ya maua hayapimwi kwa kilomita.

Na kulikuwa na kijana, msaidizi, aliyewekwa nyuma kubeba maji na makoti ya mvua. Huyu ndiye alikuwa mwongozaji, ila cheo hana. Alikuwa anatazama chini kabla ya kuweka goti. Nyasi zilizoziba ua alizisogeza pembeni kwa mkono na kuziachia zirudi baada ya picha, hakuzing'oa wala kuzikanyaga ili kupata nafasi; okidi iliyoachwa wazi inapigwa na jua na upepo, na mchimbaji akipita anaiona kwa mbali. Alikuwa na lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi, akamwelekeza kila mtu namna ya kuitumia: lenzi ikae karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kichwa kuelekea ua mpaka lionekane vizuri, maana wengi huiweka mbali kama kioo cha kusomea na hawaoni kitu. Akaonyesha vifuko vya chavua vya Satyrium mahali vinaponata kwenye mdudu. Bila kuvunja hata petali.

Alitukumbusha pia kuzima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha. Picha ya okidi iliyobeba nukta ya ramani ni mwaliko kwa mchimbaji. Na alitaka picha nne za kila mmea tusioujua: ua kwa mbele, ua kwa ubavu ili mkia uonekane, jani lilivyoshikana na shina, na mmea mzima pamoja na kidole au rula kwa ajili ya kipimo. Picha ya ua peke yake kwa mbele, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi haitoshi kulitambua.

Kwenye majimaji ndipo walipochemka tena. Mwongozaji alituachia tukate njia ovyo katikati ya kinamasi, kundi zima, kila mtu na njia yake. Mahali penye njia iliyokwisha kukanyagwa mnafuatana mmoja nyuma ya mwingine, hata kama kuna tope. Ndiyo kazi ya gambuti. Kwenye nyasi kavu zisizo na njia mnatawanyika, ili msichore njia mpya. Kwenye kinamasi hamwingii kabisa, mnazunguka au mnasimama ukingoni na darubini, kwa sababu udongo wake ukishabonyea maji yanabadilisha mkondo na mimea iliyokuwa imekaa kwenye unyevu inabaki pakavu. Kundi letu lilikuwa kubwa mno kwa jambo hilo. Watu wanane ni wengi tayari. Zaidi ya hapo wa nyuma hawasikii na wanaanza kutanuka pembeni.

Nilipoandika malalamiko, nilijibiwa kwa adabu na kuahidiwa punguzo safari ijayo. Punguzo sikuomba. Niliomba mambo mawili: wamweleze yule mwongozaji kwamba hang'oi kitu tena, na wampe yule kijana nafasi ya mbele. Kuhusu hayo mawili hawakuandika neno.

Kwa hiyo, niwashauri mwende nao? Kwa ratiba na gari, ndiyo. Kwa maua, ulizeni kwanza nani anaongoza, kundi ni la watu wangapi, na atawaonyeshaje viazi vya okidi. Akijibu kwamba atachimba kimoja, tafuteni wengine. Nilitaka kutoa nyota tatu kwa ajili ya saa nzuri na dereva makini, lakini kila nikifungua picha naiona ile okidi hewani na udongo unadondoka kwenye viazi. Nyota moja, basi. Na kama mfumo ungeruhusu kumpa mtu mmoja peke yake, yule msaidizi angepata zote tano.