Gisozi, Kigali: nendeni, ila siku hiyo msipange kitu kingine

Ukipita Kigali tenga nusu siku uende makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Watutsi wa Rwanda pale Gisozi. Kuingia bure, unalipia tu kile kifaa cha kusikilizia maelezo, na mi nakushauri uchukue.

Nilichopenda ni kwamba hawajaanzia Aprili 1994. Wanakurudisha mpaka enzi za ukoloni wa Wabelgiji, zile kadi za utambulisho za miaka ya 1930 zilizoandikwa Mhutu, Mtutsi, Mtwa, halafu redio na magazeti yaliyokuwa yanaita Watutsi mende, yaani unatoka umeelewa kabisa hii kitu iliandaliwa na watu wenye akili zao, sio eti makabila yaliamka siku moja yakaanza kuchinjana.

Kuna chumba picha za familia zimebanwa kwenye waya, picha za kawaida kabisa za albamu, hapo nilikaa sana. Afu juu kuna chumba cha watoto, jiandae. Picha kubwa ya mtoto, chini yake kibao kinasema alipenda nini na alikufaje. Dogo mmoja wa miaka 10 alipenda mpira, alitaka kuwa daktari, maneno yake ya mwisho ni kwamba UNAMIR, wale askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, watakuja kuwaokoa. Na we unajua Umoja wa Mataifa ndo kwanza uliamua wale askari wapunguzwe wabaki kama 270 wakati watu wanauawa. Niliishiwa nguvu, nikakaa chini.

Nje kwenye bustani wamezikwa watu zaidi ya 250,000 chini ya zege. Ukuta wa majina haujajaa, maana kuna familia hakubaki hata mmoja wa kuwataja wenzake. Ndo maana mi gacaca, zile mahakama za kijijini zilizosikiliza kesi za mauaji, naiheshimu, najua ina lawama zake nyingi tu, kesi karibu milioni 2 mpaka inafungwa 2012 haziwezi zote kwenda sawa, lakini kuna watu walijua mifupa ya mama yao iko shimo gani kwa sababu jirani alisimama mbele ya kijiji akasema.

Watoto wadogo msiwapandishe kile chumba cha juu. Na selfi kwenye makaburi jamani hapana, niliona vijana wanapiga wanacheka, iliniuma sana. Kuanzia Aprili 7 ni Kwibuka, yaani kipindi cha kuwakumbuka waliouawa, mwenge unawaka siku 100, ukienda kipindi hicho beba maua.