Bima ya maisha: kwa mke wangu ni siri, kwa foleni nzima si siri

Nilisema siandiki, maana mke wangu alishaniambia, "Baba Glory, achana na hao watu wa bima, utaumwa tena." Lakini leo nimepita karibu na Mnara wa Saa hapa Moshi, nikaona bango lao jipya, familia nzima inacheka meno nje. Nimeshindwa.

Nina bima ya maisha kwa hawa watu mwaka wa tisa huu. Mimi fundi seremala, niko Pasua, sina mwajiri wa kunikata kwenye mshahara. Nalipa kwa simu kila mwezi. Nisipokumbuka mimi, hakuna wa kukumbuka. Sasa mwaka juzi, tuseme mwishoni mwake, nikaugua sonona. Siyo majonzi ya msiba, hapana. Niliamka tu siku moja randa ikanishinda kunyanyua. Na simu ndiyo ilikuwa adui kabisa. Ikilia, moyo unakwenda mbio. Nikaizima, nikaitupia kwenye droo ya misumari, ikakaa humo miezi.

Nilipopata nafuu (namshukuru Mungu, na daktari, na vidonge ambavyo bado nameza) nikaiwasha. Ujumbe ukamiminika. "Ndugu mteja, malipo yako hayajapokelewa." Chini yake mwingine, na mwingine. Wa mwisho, wa siku nyingi, unasema siku 30 za nyongeza zimepita, bima imekoma.

Sikatai, mkataba niliusaini mwenyewe. Nikaenda ofisini kuomba waihuishe.

Kijana wa kaunta akanipa fomu ya afya. Kalamu yao imefungwa kwa kamba fupi, unaandika umeinama kama unaomba msamaha. Kuna swali kama umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Nikajibu ndiyo. Ukidanganya pale, siku ukifa ndipo wanapopata sababu ya kumnyima mjane wako. Akaichukua, akaisoma. Kwa sauti! "Mzee, umeandika umetibiwa akili? Akili kabisa, au stresi tu?" Nyuma yangu watu kama saba, mmoja wao nilimtengenezea kabati. Nikanyamaza. "Mbona unaonekana mzima?" Halafu akamtupia jicho mwenzake, na mwenzake akainamia kompyuta kuficha kicheko.

Nikamuuliza kwa upole: mke wangu nimemwandika mnufaika tangu siku ya kwanza, namba yake mnayo, mbona hamkumpigia hata mara moja?

"Hatuwezi, mzee. Taarifa za mteja ni siri."

Siri! Na fomu yangu ameishika hewani kama tiketi ya basi. Mwenye kabati ameshasikia, Pasua yote itasikia kabla sijafika, ila mke wangu ndiye asiyestahili kujua kwamba mumewe hajalipa.

Nikapandisha sauti na mimi. Nikasema naenda TIRA, wale wasimamizi wa kampuni za bima, ofisi yao ya Arusha, na wakishindwa hao yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kijana hakushtuka. Aliyeshtuka ni mama mmoja wa meza ya nyuma. "Kaka yangu, njoo huku ukae." Akafunga mlango. Akaniambia nisiivunje bima kwa hasira, kwa miaka niliyolipa kuna akiba yangu ndani. Nilete barua ya daktari, nilipe malimbikizo na riba yake. Akaniambia pia, bila kuzunguka, kwamba kwenye mkataba wangu kile kipengele cha mtu kujiua, kwamba akijiua kabla ya muda fulani hawalipi, kitaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kuhuishwa. Alilitamka neno lenyewe taratibu akiniangalia usoni. Nyumbani kwangu, miezi yote ile, hakuna aliyethubutu kulitamka.

Wiki kadhaa zikapita, bima ikarudi. Sasa mtaniuliza nalalamikia nini. Nami sijui. Mwenye hali kama yangu nimwambie asikate bima? Akate, la sivyo watoto watakula nini. Lakini asiende peke yake. Au asiende kwa hawa. Basi, hata sijui.

Niliwaachia barua, nimesaini, kwamba ujumbe wa malipo uwe unamfikia na mke wangu, siri hiyo naitoa mwenyewe. Jana umeingia wa mwezi huu. Kwangu tu. Simu ya Mama Glory ilikuwa hapo hapo mezani, kimya.

Nilitaka kuwapa nyota mbili. Moja inatosha. Yule mama mpeni zake tano, pembeni.