QLED ya Kununua Nairobi: Itazame Gizani Kwanza

Usiku wa kwanza na TV yetu mpya ya QLED tulizima taa za sebule tukaweka filamu. Ikafika sehemu ya usiku porini, anga likawa la kijivu kama maji ya kufulia, na kwenye pembe za kioo mwanga ukivuja. Mume wangu akauliza, "Hii ndiyo ya 85,000?" Nikajifanya natafuta rimoti.

Kule Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki nilikoinunua, nilikuwa nimeonyeshwa video ya kasuku na maua, mchana, mlango wazi. Hakuna TV mbaya ikionyesha kasuku.

Ile Q ni ya nukta za kwanta: chembe za nanomita chache tu, ambazo ukubwa wake ndio huamua rangi. Zikipigwa na mwanga wa buluu, zile ndogo hutoa kijani, kubwa kidogo hutoa nyekundu. Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo. Ndani ya QLED, utando wa chembe hizo hukaa mbele ya taa za buluu, na rangi hukolea kweli. Ila utando hauzimi taa! Weusi unategemea taa zimepangwa wapi, na kama zinaweza kufifia sehemu moja huku nyingine zikiwaka. Hilo hakuna anayekuambia.

Kwangu namba moja ni TCL C845, na siombi radhi kwa kuipendelea. Taa zake, Mini LED, yaani taa ndogo ndogo, zimetapakaa nyuma ya kioo kizima na hufifia kwa vipande. Samsung QN90 inafuata. Huenda hata ni bora, lakini bei yake ni ya watu wa Runda. Hisense U7 ni ya tatu. Samsung Q60 taa ziko pembeni, kwa hiyo ukipewa zawadi, pokea. QLED za majina yasiyojulikana? Heri LED ya kawaida.

Nenda na flashi yenye picha nyeusi tii na duara jeupe katikati, umwambie muuzaji azime taa za duka, uone kama mwanga unavuja kwenye weusi. Wangu aliniapia kwamba QLED na OLED ni kitu kimoja. Si kweli; kwenye OLED kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe. Niliporudi kulalamika akanionyesha maandishi madogo kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Na ile bracket ya ukutani aliyoniuzia "kwa bei ya rafiki, madam" ilikosa skrubu mbili.