Swichi Nyekundu Isiyozima Kitu: Uzoefu Wangu na Waliotufungia Tanuri la Mafuta

Niseme mapema kwamba nyumba yangu ina joto. Nalitanguliza hilo kwa sababu kampuni iliyotufungia tanuri la mafuta la kupasha nyumba joto, ambayo sitaitaja jina, hunijibu kwa sentensi hiyo hiyo kila ninapolalamika, kana kwamba joto ndilo kitu pekee nilicholipia. Hakuna jimbo la Marekani ambalo nyumba zake, kwa uwiano, zinategemea mafuta zaidi kupata joto kuliko hili letu la Maine, na mtu hawezi kuingia majira ya baridi na tanuri bovu. Wao wanalijua hilo vizuri wanapokupangia bei.

Aina ya tanuri na uwezo wake sitavieleza, maana vimo katika kijitabu chake. Kazi ya mabati pia nitaipitia haraka, kwa kuwa haina dosari. Kijana aliyeunganisha njia za hewa na dohani alifanya kazi safi, akafagia, akaaga kwa adabu. Tangi la galoni 275, ambalo ni zaidi ya lita elfu moja, halivuji hata tone. Kama maelezo haya yangeishia hapo, ningewasifu kwa ndugu zetu wote wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaonunua nyumba zao za kwanza Portland na Lewiston, nami nilikwisha kuanza kufanya hivyo.

Kwa asiyezijua nyumba za huku, juu ya ngazi ya kushukia chumba cha chini ya ardhi hufungwa swichi yenye kibati chekundu, na kazi yake ni moja tu: kukata umeme wa tanuri bila mtu kulazimika kulisogelea. Mafuta hayo hayawezi kuwaka yenyewe. Umeme ndio unaozungusha pampu inayoyasukuma kwenye nozeli, kitundu cha kuyanyunyizia, ndio unaoendesha feni ya kuyapa hewa, na ndio unaotoa cheche ya kuyawasha. Ukikatika, moto unakufa. Kwa sababu hiyo hiyo kanuni za umeme za Marekani zinataka tanuri liwe na saketi yake peke yake kutoka kwenye ubao wa breka, lisichangie waya na kifaa kingine. Fundi wao, kwa jinsi ninavyoelewa mambo, aliona kwamba safari ya waya kutoka kwenye ubao, kupanda hadi juu ya ngazi na kushuka tena, ni ndefu mno kwa mchana wa Ijumaa. Akaukata waya wa zamani, akachukua umeme kwenye kisanduku cha jirani kinacholisha mashine ya kufulia, akaunganisha nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, akawasha, likaunguruma, akaondoka. Swichi nyekundu ikabaki pambo la ukutani, nasi hatukuambiwa neno.

Tuliambiwa na tanuri lenyewe, usiku mmoja wa baridi ile inayopasua mabomba ya maji. Mafuta yalikuwa yakirushwa ndani kabla cheche haijayashika, na yaliposhika yalishika yote kwa pamoja. Tukasikia kishindo, kisha moshi ukatoka kwenye kila mwanya wa dohani na kuanza kupanda ngazi. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuifikia swichi, akaishusha. Tanuri likaendelea. Akaipandisha, akaishusha tena, akaniita: "Baba Zawadi, mbona halizimi?" Nikashuka, jambo ambalo swichi hiyo iliwekwa ili nisilifanye, nikaishusha breka iliyoandikwa kuwa ya tanuri. Likaendelea. Hapo nikashusha breka kuu, nyumba nzima ikaingia giza, ndipo likanyamaza. Kile kijicho cha ndani, ambacho huzima kichomeo kisipouona mwanga wa moto kwa sekunde chache, hakikuweza kutusaidia, kwa kuwa moto kilikuwa kikiuona. Ulikuwa moto mchafu, lakini ulikuwa moto.

Mtu ataniambia kwamba tungeweza kushusha thamostati. Tungeweza. Lakini thamostati ni waya mwembamba wa volti 24 unaoliomba tanuri liwake au litulie. Haukati umeme, na mimi sioni kwa nini mtu aliyejaa moshi kifuani aambiwe aende kuomba kwa adabu.

Nikapiga namba yao ya dharura. Mama aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Bwana, nyumba ina joto au haina?" Nikamjibu kwamba ina moshi. "Nimeuliza joto," akasema.

Asubuhi fundi yule yule aliyeunganisha waya alikuja, na kwa haki yake niseme kwamba moshi aliutibu: alitoa hewa iliyonaswa kwenye pampu, akaziweka sawa ncha za kutolea cheche, akasafisha masizi, na tangu hapo moto unawaka vyema. Nilikuwa tayari kusahau kila kitu. Nikamwonyesha swichi. Aliishusha tanuri likiwa linawaka, akaliona likiendelea, akacheka, akasema hizo ni mambo ya nyumba za zamani na siku hizi hakuna anayezigusa. Nilipomwambia kwamba mke wangu aliigusa usiku ule ule, alinitazama, akaniuliza kama najua kusoma ubao wa breka, na aliuliza kwa ule upole wa neno moja moja ambao sisi wenye lafudhi tunaujua sana. Bwana yule hakujua kwamba kabla ya kuja huku nilivuta nyaya Tanga miaka mingi, enzi za rangi za Kiingereza, ambapo nyeusi ilikuwa nyutro, ya kurudishia umeme, na nyekundu ndiyo ya moto, inayouleta. Hapa nyeusi ndiyo inayoua, na nilijifunza hilo kabla sijagusa kitu chochote. Ubao nausoma. Ni yeye aliyefanya jina lililoandikwa kwenye ubao huo liwe uongo.

Nikamlipa fundi mwingine, mzee asiyesema sana. Alivuta waya mpya kutoka kwenye breka yake peke yake, akaupitisha kwenye swichi nyekundu, kisha kwenye kikatio cha joto juu ya kichomeo, ambacho hukata umeme chenyewe moto ukizuka, kisha kwenye swichi ya pili ubavuni mwa tanuri, ya kumlinda yeyote atakayelifungua kulitengeneza. Alipomaliza alimwomba mke wangu apande ngazi na aishushe swichi tanuri likiwa linawaka, na halikumaliza hata pumzi. Kazi yote haikuvuka mchana mmoja.

Ile kampuni ya kwanza sasa imenitumia ankara ya ziara ya fundi aliyecheka. Nimeirudisha pamoja na picha za waya, na nakala imekwenda kwa Maine Fuel Board, bodi ya jimbo inayotoa leseni za mafundi wa mafuta. Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu, kwa sababu mabati ni mazuri na joto ni la kweli. Nilipofika kwenye moshi nikaona mbili zinatosha. Lakini sasa nimekumbuka tena namna alivyoniuliza kama najua kusoma, na hiyo ya pili naiondoa. Imebaki moja, nayo ni ya yule kijana wa mabati.