Treni ya SGR Dar es Salaam–Dodoma: huduma ya kusifiwa, uwajibikaji wa kuhojiwa

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inayoendeshwa na Shirika la Reli Tanzania (TRC), iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, inastahili sifa. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo kwa basi humaliza mchana mzima, sasa huchukua takriban saa nne. Viti ni vya staha, mabehewa ni safi, na nauli ya shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, iliyotangazwa huduma ilipoanza, ni ya haki kwa kiwango hicho. Kama swali ni huduma pekee, ninaipendekeza bila kusita, hasa ile treni ya mchongoko, yenye kichwa kilichochongoka.

Lakini shirika la umma hupimwa pia kwa jinsi linavyosimamiwa, na hapo ndipo ninapopata shida. Nauli huidhinishwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Umeme hutoka TANESCO, ambalo nalo ni shirika la umma, na gridi ikitetereka treni husimama. Mkopo wa dola bilioni 1.46 wa kujenga reli hadi Makutupora, mkoani Singida, ulisainiwa mwaka 2020 kati ya Wizara ya Fedha na benki ya Standard Chartered. Bodi ya TRC, ambayo kwa kanuni za utawala bora ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia menejimenti, inabaki kuwajibika kwa matokeo ya maamuzi ambayo mengi hufanyika nje ya chumba chake cha mikutano, na kwa hiyo abiria akiuliza ni nani hasa wa kujibu, hapati jina moja.

Wapo wanaosema dawa ni kumkabidhi mwekezaji. Tulikwisha kufanya hivyo: mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya Kampuni ya Reli iliyoendesha reli ya zamani, na miaka michache baadaye Serikali ikalazimika kuirudisha mikononi mwake, reli ikiwa hoi. Kubadilisha mmiliki bila kuweka malengo yanayopimika na taarifa zilizo wazi hakukuiponya.

Ukaguzi upo, tena wa kikatiba. Hata hivyo mwaka wa fedha huisha Juni, na ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humfikia Rais mwishoni mwa Machi, ndipo iende bungeni. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma inapoanza kuhoji, hasara au faida inayojadiliwa imeshapoa. Ninachoiomba bodi ya TRC ni kuchapisha kila robo mwaka, kwenye tovuti ileile tunayonunulia tiketi, idadi ya abiria, mapato ya nauli, gharama ya umeme, safari zilizochelewa na kiasi cha ruzuku ya Serikali, kila safu ikionyesha lengo lililowekwa na mwenye dhamana nalo.